Mali Bila Daftari: Faida ya Kumwajiri Mshauri wa Biashara



  

 Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo pengine baadhi yenu mtashangaa kulisikia kutoka kwa mwenye kilemba, nalo ni kumwajiri mshauri wa biashara. Mtauliza: sheikh na hesabu za duka, wapi na wapi? Swali hilo ndilo tulilopaswa kujiuliza sisi wenyewe miaka minne iliyopita. Lau tungalijiuliza, mali ya mayatima wanne hapa Garsen isingalipungua.

Kisa ni hiki, na mama mwenyewe ameturuhusu tukiandike kwa sharti la kutomtaja jina.

Mumewe alifariki mwanzoni mwa 2021. Aliacha mjane, wavulana wawili, wasichana wawili, na duka dogo la rejareja lililokuwa likiuza vitu vya nyumbani. Wazazi wa marehemu walikuwa wametangulia mbele ya haki. Baada ya kulipwa gharama za maziko na madeni yake, mali yote iliyobaki, fedha na bidhaa, ilikuwa shilingi 480,000. Mirathi ikagawanywa kama sheria yetu inavyoamuru: mjane thumuni yake, shilingi 60,000, watoto 420,000, kila mvulana 140,000 na kila msichana 70,000. Watoto wakiwa bado wadogo, Kadhi akamwachia mama usimamizi wa mali yao.

Alipotoka eda, mama huyu akaja nyumbani kwetu akifuatana na nduguye. Akasema, “Sheikh, nataka kupanua duka. Niache rejareja, niingie jumla: sukari, mchele, unga wa sima na mafuta. Waonaje?”

Sisi tumesoma milango ya biashara katika vitabu vya fiqhi tangu ujana wetu. Twazijua sharti za mauzo, twazijua aina za riba, twajua lini mnunuzi ana haki ya kurejesha bidhaa. Lakini hatujapata hata siku moja kununua gunia la sukari kwa nia ya kuliuza. Jawabu la haki lilikuwa neno moja: hatujui. Badala yake tukamwambia kwamba biashara ina baraka, kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliifanya, na kwamba mwenye kutawakali hatupwi. Kisha tukanyanyua mikono tukamwombea dua. Akaondoka na furaha, nasi tukabaki na furaha ya kuwa tumeshauri.

Baada ya miezi kumi na minne rafu zilikuwa karibu tupu. Mtaani maneno yalikuwa mengi. Wengine wakasema ni kijicho, wengine wakasema ni mkono wa mtu, na ndugu zake wakamleta kwetu ili tumsomee na kumwandikia kombe. Yeye hakutaka kombe. Alikaa, akatuuliza kwa upole: “Sheikh, mimi naswali, natoa sadaka, sipunji mizani. Nimekosea wapi?”

Hatukuwa na jawabu. Swali lile lilitunyima usingizi, kwani kosa moja tulilolijua kwa yakini ni kwamba alikuja kutuuliza sisi, nasi tukamjibu.

Ndugu zetu, hapo tukarejea katika mambo ambayo tumekuwa tukiwafundisha watoto wa madrasa kila mwaka bila ya kuyatia maanani. Mwenyezi Mungu, katika Suratun-Nahl aya ya 43, anatuamrisha tuwaulize wenye ujuzi ikiwa sisi hatujui. Katika Suratu Aal-Imran aya ya 159 anamwamrisha Mtume wake, aliyekuwa akishushiwa wahyi, awashauri masahaba zake katika mambo. Ikiwa mtu apokeaye habari za mbinguni ameamrishwa kushauriana, basi mwenye duka la mabati kando ya barabara ya Garsen atajitosheleza vipi?

Na tuitazame Hijra. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walipotaka kutoka Makka kwenda Madina, walimwajiri kwa ujira mtu aliyeitwa Abdullah bin Urayqit, fundi wa njia za jangwani. Mtu huyo alikuwa bado yumo katika dini ya Makureshi. Wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye awakute kwenye pango la Thawr baada ya masiku matatu, akawapitisha njia ya pwani ambayo wafuasi wao hawakuitazamia. Hakuna aliyetawakali kuliko wasafiri wale wawili. Hata hivyo walimlipa ajuaye njia. Basi kumlipa mtu mwenye ujuzi wa jambo usilolijua si upungufu wa imani, wala si ufujaji. Ni kufuata mwendo wa mbora wa viumbe.

Wengi wetu kwa kawaida hufanya kinyume. Fundi wa kuezeka paa twamlipa. Wakili twamlipa. Daktari wa mifugo twamtafuta mpaka Hola. Lakini mtu wa kututazamia hesabu, kutuambia ni bidhaa gani inayotula na ipi inayotulisha, twamwona ni wa makampuni makubwa ya Mombasa na Nairobi. Twasema, “Duka langu ni dogo, nitamlipa kwa lipi?” Ukweli ni kwamba aliye na mtaji mdogo ndiye asiyeweza kumudu kosa. Tajiri akipoteza laki mbili atahuzunika. Mjane akipoteza laki mbili, mtoto anatolewa shule.

Basi tulipoyatambua hayo tukamtafuta mtu. Tulielekezwa kwa mzee mmoja mstaafu wa Malindi, aliyefanya kazi ya hesabu na vyama vya ushirika kwa miaka mingi. Tukakubaliana naye kwa maandishi: siku tatu za kazi dukani kwa shilingi 12,000, kisha siku moja kila mwezi kwa miezi minne, shilingi 2,000 kila safari. Jumla 20,000. Nusu yake tuliitoa sisi katika mfuko wetu, nayo ilikuwa ndogo ikilinganishwa na deni tulilolihisi shingoni.

Mzee yule hakuja na tarakilishi wala tai. Alikuja na daftari la mistari, kalamu mbili na mizani yake mwenyewe. Siku ya kwanza hakushauri neno. Alihesabu kila kilichokuwa dukani mpaka kiberiti cha mwisho. Siku ya pili alikaa kando akitazama jinsi mama anavyouza, anavyopima, na anavyochukua kitu rafuni kupeleka nyumbani. Siku ya tatu alimwomba mama akumbuke kila mtu anayedaiwa, mmoja mmoja, naye akaandika. Magharibi ilipofika akatuonyesha ukurasa mmoja.

Mali iliyotiwa dukani, kwa pamoja na ile ya mama mwenyewe, ilikuwa 480,000. Bidhaa zilizobaki zilikuwa na thamani ya 92,000. Madeni kwa watu, 148,000. Vilivyochukuliwa kwenda nyumbani, yaani unga, mafuta, sukari, karo na nauli za watoto, vilikuwa kama 12,000 kila mwezi; kwa miezi kumi na minne ni 168,000. Zilizobaki, 72,000, zilikuwa ni hasara katika uuzaji, usafirishaji na vitu vilivyoharibika. Hesabu ikatimia. Hakuna aliyeroga, hakuna aliyeiba. Hakuna jini aliyekula hata shilingi moja. Mali ilikuwa imetoka kwa mlango wa mbele, mchana, mbele ya macho ya mwenyewe, ila haikuandikwa. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumekuwa tukiitamka methali hiyo bila ya kununua daftari.

Tuitazame sukari, kwani ndiyo iliyotushangaza zaidi. Gunia la kilo 50 mama alilinunua Mombasa kwa 5,500. Nauli ya mzigo ilikuwa 150 na hamali wa kupakia na kupakua 50, basi likifika Garsen ni 5,700. Yeye aliiuza kilo kwa 115, kwa kuwa jirani naye aliuza hivyo, naye akaona 115 ni zaidi ya 110 aliyonunulia. Mzee akampimia: katika kila gunia, kilo moja hivi hupotea kwa kumwagika na kwa ule ukarimu wa kuzidisha kidogo katika mizani. Basi kilo 49 mara 115 ni 5,635. Kila gunia lilimtia hasara ya shilingi 65, na hapo bado hajanunua mifuko ya karatasi. Na sukari ndiyo bidhaa iliyokwenda kwa kasi zaidi. Wateja walijaa, mama akashukuru, na kadiri walivyojaa ndivyo alivyozidi kuzama.

Ni nani miongoni mwetu, mashekhe na majirani na ndugu, angalimwambia jambo hilo? Sisi tuliona wateja wengi, tukasema mashaallah. Hii ndiyo faida ya kwanza ya mshauri: hutazama yale ambayo mwenye duka ameyazoea hata hayaoni, na yale ambayo jamaa zake huyaonea haya kuyasema.

Faida ya pili ni kutenganisha mifuko. Mzee alimwambia mama awe na mikoba miwili, wa duka na wa nyumba, na ajiwekee posho maalumu kila wiki. Akichukua hata kibaba cha unga, akiandike. Jambo hili kwetu si la hesabu tu. Katika Suratun-Nisaa aya ya 6, Mwenyezi Mungu amemruhusu msimamizi wa yatima aliye fukara ale katika mali hiyo kwa kadiri ya ada, na aliyejitosheleza ajizuie. Na katika aya ya 10 ya sura hiyo hiyo ameonya kwa onyo la moto kwa wale wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma. Mama huyu hakudhulumu. Wengi wa waliokula ni mayatima wenyewe, na chakula chao ni haki yao. Lakini bila ya kuandika, atajuaje mpaka wa ada uko wapi? Daftari lile la shilingi chache ndilo lililokuwa kinga yake mbele ya Mola wake, na sisi tuliomsomea aya hatukumwambia anunue.

Faida ya tatu ilikuwa katika madeni, na hapa ndipo elimu mbili zilipokutana. Mzee, kama mtu wa hesabu, alisema madeni yote yadaiwe na mkopo mpya usitolewe. Lakini waliokopa walikuwa ni watu gani? Ilikuwa 2022, na misimu mitano ya mvua ilipotea mfululizo tangu mwisho wa 2020. Ndugu zetu Waorma na Wardei walikuwa wameona ng'ombe wao wakianguka mmoja baada ya mwingine. Mama aliyekuwa akileta maziwa sokoni hakuwa na maziwa. Suratul-Baqara aya ya 280 inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na inasema kusamehe ni bora zaidi.

Tukakaa wote watatu, pamoja na kaka wa mama, tukawagawa wadaiwa. Walioweza kulipa, wakiwemo watu wa mishahara waliokuwa wakichelewesha kwa mazoea tu, waliandikiwa na kukumbushwa kwa adabu. Katika miezi minne wakalipa 83,000. Waliofiliwa na mifugo wakapewa muda, jumla ya 39,000. Zilizobaki, 26,000, zilikuwa za watu wasio na kitu kabisa. Mama akataka kuzisamehe. Tukamwambia: mali ya yatima haina ruhusa ya kusamehewa na msimamizi, kwani si yake. Ukitaka kusamehe, samehe katika fungu lako. Akakubali, na 26,000 zikaandikwa katika thumuni yake. Tangu siku ile tumemheshimu mama huyu zaidi ya wengi wanaokaa safu ya mbele.

Faida ya nne ni kutazama mbele. Mtu wa Tana hahitaji kuambiwa kwamba mto wetu hutoa na hutwaa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu mradi mkubwa wa mpunga kule Gamba, mradi wa serikali uliokuwa na wataalamu na mitambo. Sembuse duka la mjane. Mzee alimshauri mambo mawili. La kwanza, apange na wenye maduka wawili, wanawake wenziwe, wakodi gari moja kuleta mizigo yao pamoja. Nauli ya gunia ikashuka kutoka 150 hadi 90. Sukari ikafika dukani kwa 5,640, akaiuza kwa 118, akapata 5,782 kwa kilo zile 49. Faida yake ni 142 kabla ya mifuko. Ni ndogo, lakini ni faida. La pili, kila mwaka kabla ya mvua za vuli aweke akiba ya bidhaa za wiki sita, juu ya uchaga wa mbao ulioinuka hatua mbili kutoka sakafuni.

Novemba 2023 mvua zikaja kwa nguvu zake. Maji yakakata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, na kule Kilifi daraja la Mbogolo katika barabara ya Mombasa na Malindi likasombwa. Mizigo ikakwama. Duka la mama lilikuwa na unga na mchele, mkavu, juu ya uchaga.

Hapo simu yetu ikalia. Baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wamefungia bidhaa zao wakingoja bei ipande, naye akatuuliza: afanye vipi? Kwa mara ya kwanza katika kisa hiki tuliulizwa swali lililo katika fani yetu. Tukamjibu kwamba Mtume (s.a.w.) amewahesabu wenye kuhodhi chakula kuwa ni wakosaji; kwamba auze wala asifiche; kwamba akiongezewa gharama ana haki ya kuiongeza katika bei, lakini asiifanye njaa ya watu kuwa msimu wake wa mavuno. Akauza. Akapata faida ya kawaida, na wateja waliomkuta na mlango wazi wiki ile hawajamwacha mpaka leo. Mshauri alimfundisha kuweka akiba; dini ilimfundisha namna ya kuitoa.

Twasema haya ili msidhani kwamba mshauri wa biashara atachukua nafasi ya elimu ya dini. Mambo haya mawili husaidiana. Tazameni wale ndugu zetu wauzao maembe yakiwa bado maua juu ya mwembe, kwa madalali wanaopita vijijini na fedha mkononi. Sheria yetu imekataza kuuza tunda kabla halijaanza kupevuka, kwa kuwa hakuna ajuaye litakalotokea. Mwulize mtu wa hesabu naye atakwambia vivyo hivyo: anayeuza maua huuza kwa bei ya shida, na msimu ukifika humwona dalali akijaza lori kwa maembe yaliyokuwa yake. Njia mbili, jawabu moja.

Sasa, dada yetu unayesoma haya huku duka lako likikutia wasiwasi, au chama chenu kina mtaji na hamjui mwanzo wa kuutumia, yapasa uyajue mambo machache kabla ya kumwita mshauri.

Kwanza, mchague kwa amana kabla ya maneno. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mwenye kuombwa ushauri ameaminiwa. Uliza amewahi kumsaidia nani, kisha nenda ukamwulize huyo. Akikataa kukutajia hata mtu mmoja, shukuru na uage.

Pili, ujira, kazi na muda vijulikane kabla ya kuanza, viandikwe, na pawe na mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, ni aya ya kuandikiana. Na akimaliza kazi alipwe upesi, kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofundishwa.

Tatu, jihadhari na anayekuambia dawa ya duka lako ni mkopo wa riba, na hasa akiwa yeye mwenyewe anapata fungu katika mkopo huo. Kenya imekuwa na benki zinazofuata sheria ya Kiislamu tangu 2008. Ukihitaji mtaji, anza kuulizia huko. Jihadhari pia na anayekuahidi faida ya hakika. Ajuaye ghaibu ni Mwenyezi Mungu peke yake. Na yeyote atakayekuomba nambari yako ya siri ya simu, huyo si mshauri bali ni mwizi.

Nne, akiwa ni mwanamume, mkutane dukani, mchana, pakiwa na mahram wako au wanawake wenzio. Hakuna hesabu inayohitaji faragha. Na siku hizi wako mabinti zetu waliosomea biashara na uhasibu katika vyuo vya Mombasa, Malindi, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, ambao wamekaa nyumbani wakingoja kazi. Waiteni. Mtakuwa mmepata ujuzi, na binti atakuwa amepata riziki.

Tano, kama 20,000 ni nyingi, shirikianeni. Wanawake kumi wa chama kimoja wakitoa 500 kila mmoja, ni 5,000, nazo zatosha kumlipa mtu siku moja ya kuwatazamia vitabu na kuwafundisha namna ya kuandika. Pia wako maafisa wa biashara na wa ushirika wa serikali, ambao mishahara yao yatokana na kodi zetu. Kuwauliza ni haki yenu. Na ikiwa chama chenu kinataka zabuni za serikali, jueni kwamba tangu 2013 fungu la asilimia 30 limetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Makundi mengi hulikosa kwa sababu ya karatasi tu, na karatasi ndiyo kazi ya mshauri.

Na sita, mpe ukweli wote. Mama yule alimfichia mzee deni moja la shemeji yake kwa kuona haya, na hesabu ikakataa mpaka usiku, hadi alipolitaja. Mgonjwa anayemficha tabibu amejidhulumu mwenyewe.

Mtauliza, duka liko vipi leo? Hatutawadanganya. Halijawa jumba la ghorofa. Mwezi wa Shaaban mwaka huu walipohesabu, kama wahesabuvyo sasa kila mwaka kabla ya Ramadhani, mali ya mayatima ilikuwa imefika 351,000. Bado 69,000 kurejea pale ilipoanzia. Binti mkubwa, aliye kidato cha pili, ndiye aandikaye daftari, na mama yake asema hamwachi achukue hata peremende bila kuiandika.

Sisi tulimwendea mama tukamwomba radhi. Akasema, “Sheikh, wewe uliniombea dua, na dua haikupotea. Labda ndiyo iliyomleta yule mzee.” Tulinyamaza kwa kuona haya.

Basi neno letu la mwisho ni kwa wenzetu wenye vilemba. Watu hutujia na kila jambo: ndoa, maradhi, ardhi, biashara. Hutujia kwa kutuheshimu, na heshima hiyo ni mtihani. Imepokewa kwamba Imam Malik, bahari ile ya elimu, aliulizwa masuala mengi naye akayajibu mengi yao kwa kusema hajui. Haikumpunguzia cheo. Mjane akija kwetu na hesabu ya magunia, tumwombee dua, naam, na tumbainishie halali na haramu. Kisha tumshike mkono tumpeleke kwa ajuaye.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika riziki zetu, tukinge na mali ya haramu, walinde mayatima wetu na mali zao, na utujaalie tuwe wenye kuuliza pale tusipojua. Amin.